Chumvi ya Ng'ombe wa Bijombo

Félicité wa mtaa wa Rugenge alikuwa muuguzi, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake. Uhuru wa Kongo ulipokuja alicheza hadi viatu vikakatika. Miaka minne baadaye waasi waliuteka mji wa Uvira, daktari akakimbilia Bujumbura, barabara zikafungwa, naye akabaki na zahanati isiyo na hata chupa moja ya serumu ya kumtundikia mgonjwa. Ndipo mwanawe Generose alipoanza kuharisha.

Alimnywesha maji ya sukari, maana sukari ya kiwanda cha jirani cha Kiliba haikukosekana. Mtoto akazidi kuharisha. Macho yakazama, akawa analia bila machozi. Ilihitajika chumvi, nayo ilikuwa imekwisha Uvira nzima, isipokuwa gunia moja lililokuwa humo humo nyumbani mwake.

Lilikuwa la Gakwaya, mfugaji wa Bijombo, juu milimani. Alishuka kununulia ng'ombe wake chumvi, njia ya milimani ikafungwa nyuma yake, Félicité akampa mkeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; lakini shamba lenyewe la kulima lingefikiwa vipi? Kila asubuhi Gakwaya alikagua mshono wa gunia, kama mtu anayeondoka leo. Kulifungua kulikuwa kukubali kwamba haendi nyumbani.

“Baba Gakwaya, nipe chumvi kidogo. Mutoto anakwisha.”

“Sukari si iko, mama?”

“Sukari peke yake inabaki mu tumbo, inavuta maji. Seli za utumbo ziko na milango: sukari na chumvi zinaingia pamoja, maji yanafuata. Halafu seli inasukuma ile chumvi itokee upande wa damu, hata kama kule chumvi ni mingi zaidi. Inakula nguvu, lakini haiachi. Ikiacha, inakufa.”

“Kumbe kitu kidogo hivyo kinapandisha mulima,” alisema Gakwaya. “Miye nimeshindwa.”

Akaweka kidole juu ya uzi, asiukate. Félicité alimchukia wakati ule, alimchukia kweli. Kisha Gakwaya akainama, akaukata uzi kwa meno.

Walimnywesha kijiko kwa kijiko, sukari na chumvi kidogo sana, mchana kutwa. Jua lilipoanza kushuka Generose alilia, na safari hii mashavu yakalowa. Félicité akalia kumshinda.

Alipotulia alileta sindano na uzi alishone gunia. Gakwaya aliitazama milima kupitia mlango, kisha akamshika mkono.

“Acha wazi, mama. Wengine pia wamefungiwa hapa, na watoto wao watataka hii chumvi.”