Agar na Majani ya Mwanawe

Agar Kanyere alizaliwa kupigana na majani, na hayo si maneno ya kupamba. Katika kilima cha kwao, upande wa Beni, msichana alipewa jembe dogo mara tu alipoweza kulinyanyua, na siku hiyo hiyo akaonyeshwa adui: lile jani la kutambaa lenye mizizi mirefu chini ya udongo, ambalo ukilikata kipande kimoja umepanda vingine viwili. Mama yake hakumfundisha kulikata. Alimfundisha kulichimbua, kulikung'uta udongo, kulianika juu ya jiwe hadi likauke, kisha kulichoma. Akikuta kipande kibichi kimetupwa pembeni, alimchapa. Agar alikua hivyo, akaolewa hivyo, akazaa na kumzika mume hivyo, na shamba lake la kahawa na maharage likawa safi kiasi cha wanawake wenzake kumsema kwamba ana kiburi. Hawakumsingizia. Akipita kando ya shamba la mtu lenye majani, alipunguza mwendo makusudi ili mwenye shamba amwone akitazama.

Kisha wauaji kutoka msituni wakaanza kuingia mashambani, kijiji kikahama chote, na Agar akaja Butembo kukaa kwa mwanawe Éliakim.

Éliakim aliagiza vipuri vya pikipiki kutoka ng'ambo na alikuwa na ghorofa katika mtaa wa Kimemi, yenye vioo vya bluu na geti la chuma lililochorwa simba wawili wasiofanana. Mbele ya ghorofa hiyo, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeweka maharage au hata vitunguu, palikuwa na majani. Majani matupu. Hayakuwa ya mbuzi, maana mbuzi hawakuruhusiwa kupita getini, wala ya kuezekea, wala ya dawa. Yalikuwa ya kutazama.

Agar aliinama siku ile ile ya kwanza, akang'oa kijiti kimoja, akakigeuza vidoleni. Hakikuwa yule adui wa kwao hasa, lakini walikuwa wa ukoo mmoja. Angemtambua hata gizani.

"Hii ulitoa wapi?" akauliza.

"Goma, mama," akasema Éliakim, naye anafurahi kuulizwa. "Ni paspalum. Ilikuya na camion, magunia na magunia. Inakaa miaka yote, hapana kupanda tena."

"Ile najua," akasema Agar. "Ndiyo shida yake."

Tangu hapo hakuwa na la kufanya ila kutazama, na alichokiona kilimchukiza. Palikuwa na mtu, Sikuli, mwenye mke na watoto katika mtaa wa Mususa, mwanamume mzima mwenye mikono ya kazi, ambaye kazi yake ilikuwa kulea majani. Asubuhi aliyafagia. Kiangazi, wakati wanawake wa mtaa walipanga foleni kwenye bomba na bidoni zao, Sikuli aliyanywesha maji. Aliyawekea samadi ya ng'ombe, samadi ambayo kwao Agar watu walikuwa tayari kununiana kwa sababu yake. Aliyakata kwa mashine iliyonguruma hadi watoto wa jirani wakaamka wakilia, na yale yaliyokatwa akayatupa. Halafu akapiga magoti na kuanza kupalilia. Agar alidhani macho yake ya uzee yanamdanganya, akashuka ngazi ili aone kwa karibu.

"Sikuli, baba, unangoa nini?"

"Majani, mama."

"Juu ya nini?" akauliza, akitaka sababu.

"Juu majani ipate kuota muzuri."

Agar alimwacha amepiga magoti. Alirudi juu, akakaa kitandani, akacheka peke yake hadi kitambaa chake cha kichwa kikafunguka, na kicheko kilipoisha akabaki na hasira. Jembe lake, alilotoka nalo kijijini akaacha sufuria, lilikuwa chini ya kitanda hicho. Aliomba mstari mmoja wa kupanda maharage, kando ya ukuta, mahali ambapo hata mgeni asingeona. Éliakim akamwambia kwamba ingeharibu dessin, ule mchoro wa bustani. Akamnunulia vyungu viwili vya maua vya kuweka kwenye baraza. Agar aliyaacha maua yafe, na hakuona haya.

Watu wengine wangemwonea Éliakim huruma, kwamba ni mtoto wa shamba aliyetaka kusahau tope. Agar hakuwa na huruma hiyo. Kwa macho yake, mwanawe alikuwa mtu mzima aliyegeuka mlinzi wa nyasi. Wageni walipokuja walizungukia pembeni, juu ya mawe yaliyopangwa, mmoja nyuma ya mwingine, na viatu vyao vya kanisani, kana kwamba katikati pamelala mgonjwa. Mchungaji mwenyewe alizunguka. Agar alimdharau mchungaji kwa hilo kwa muda mrefu kuliko alivyomdharau kwa mahubiri yake.

Halafu ikapangwa ndoa ya Keren, binti mkubwa wa Éliakim. Picha zingepigwa nyumbani, juu ya paspalum, si kwenye bustani za hoteli ambako maharusi wa Jumamosi husukumana. Sehemu zilizochakaa ziling'olewa na kupandwa upya, kijiti kwa kijiti, na kuanzia siku hiyo hata Sikuli alitembea juu yake bila viatu.

Vipandikizi vilikuwa ndiyo kwanza vinashika, habari ikaja kutoka Beni kwamba Maliro amekufa.

Maliro alikuwa kaka yake Agar, wa tumbo moja, wa mwisho aliyebaki. Alikimbia kijiji siku moja na Agar, ila Maliro akaishia Beni mjini, kwenye chumba cha kupanga, na huko ndiko kifua kilimmaliza. Kwa Éliakim alikuwa mjomba, na si mjomba wa jina tu. Baba yake Éliakim alikufa mapema, na ni Maliro aliyembeba mtoto huyo mgongoni akivuka mto kumpeleka shule, msimu wa mvua baada ya msimu wa mvua. Walimzika Beni upesi upesi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusafirisha maiti kwenye barabara ile. Lakini kilio kilikuwa bado. Ukoo ulikuwa umetawanyika, kijijini hakuna nyumba iliyosimama, na wote wakasema neno moja: kilio kitakaa Butembo, kwa Éliakim. Uwanja mkubwa ni wake.

Agar hakulia alipoisikia. Aliufikiria uwanja. Watu wangeingia na mikeka yao, moto ungewashwa katikati, wanawake wangeweka masufuria, na wazee wangelala hapo hapo kuuzunguka moto hadi siku ya kuumaliza msiba. Ndivyo Mnande, mtu wa kabila lao, anavyoliliwa. Kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba mwanawe ana nafasi kubwa.

Jioni Éliakim akaja chumbani kwake, amevaa uso wa huzuni aliotayarisha kwenye ngazi.

"Mama, nimelipa salle ya mikutano. Iko muzuri sana. Iko na courant ya taa, iko na toilettes. Batu batakaa bien."

"Salle ya nini?"

"Ya kilio ya mujomba."

Agar alimtazama hadi Éliakim akaanza kuchezea saa yake.

"Na hapa kwako?"

"Mama, unajua ndoa ya Keren inafika. Majani ingali ntoto. Batu mia wakikanyanga pale, na moto tena, donc itakufa yote. Mi sikatae kilio. Nimelipa."

"Maliro alikubeba ku mugongo," akasema Agar. "Leo unamufukuza juu ya majani."

"Simufukuze, mama. Ni salle tu."

"Salle inafunga saa ngapi?"

Éliakim aliishika tena saa yake. Salle ilifungwa saa kumi na mbili, kama salle zote, na mlinzi hutoa watu na kuzima taa. Agar aliona jibu usoni pake, na kitu ndani yake kikakatika. Alikuwa amemdharau mwanawe kama mtu anavyomdharau mtoto mjinga, kwa upendo chini yake. Sasa alitafuta ule upendo asiupate, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Kulipokucha alitoka na mkeka wake na kitenge cha kujifunika. Hakuzunguka pembeni. Alipita katikati ya vipandikizi, polepole, kwa miguu ya mtu aliyetembea mashambani maisha yote, akamkuta Sikuli na bomba la maji mkononi.

"Kwako kuko uwanja?"

"Kuko, mama, mais ni kidogo. Ni udongo tu."

"Nipeleke. Kilio ya kaka yangu itakaa kwako."

Sikuli akatazama madirisha ya bluu. "Mama, patron atanifukuza."

"Afukuze. Maliro, mimi, na wewe: atakuwa amefukuza batu tatu mu juma moja."

Walipanda pikipiki hadi Mususa, na Virginie, mke wa Sikuli, alipoambiwa hakuuliza maswali; alichukua ufagio akafagia uwanja, akaazima masufuria kwa majirani. Kabla ya saa sita moto ulikuwa unawaka. Habari ikapanda na kushuka mji mzima juu ya pikipiki: mama yake Éliakim yule wa vipuri anamlilia kaka yake kwenye uwanja wa mtunza majani wa mwanawe. Watu walikuja. Waliotoka Beni walikuja, na wa Lubero, na wengine ambao hawakumjua Maliro ila walitaka kuona kwa macho yao. Walibanana hadi barabarani. Salle ilikaa tupu na courant yake.

Kwenye kilio wenye msiba hukaa chini, mikekani, na hapo ndipo wanapopewa pole. Viti ni vya wageni. Agar alikaa karibu na moto, miguu imenyooshwa, na sasa alilia kwa sauti, akimwita Maliro kwa jina lake la utotoni.

Siku ya pili Éliakim alifika. Jeep yake ilishindwa kupita kwenye kichochoro, ikabidi ashuke kwa miguu, na suruali yake ikapata tope. Alikuwa na macho mekundu, na safari hii uso haukuwa wa kutayarishwa. Watu wakampisha. Alifika kwenye mkeka wa mama yake, akavua viatu, akainama akiweka mkono chini ili akae kando yake.

Agar alinyamaza kulia. Hakumtazama. Alimgeukia Virginie.

"Letea mugeni kiti," akasema.

Kiti cha plastiki kikaletwa, kikapitishwa juu ya vichwa vya watu. Éliakim alibaki ameinama, kisha akanyooka, akakaa juu yake na soksi zake, magoti yakiwa usawa wa vichwa vya wazee wa ukoo. Akangoja. Hakuna aliyemsogelea kumpa mkono. Ilimchukua muda kuelewa kwamba pale si yeye anayepewa.

"Pole, mama," akasema mwishowe.

Agar akampa mkono, kama alivyowapa wote waliotoka mbali.

"Aksanti kwa kufika," akasema.