Honi ya Emil Hudak

Mimi, Emil Hudak, niliendesha treni ya makaa ya mawe kati ya milima hii tangu ndevu zangu zilipoanza kuota hadi migodi ilipofungwa. Reli ikang'olewa, nikabaki na kofia na kitambi. Kisha wakamwaga kokoto laini palipokuwa na reli, wakaweka mabenchi, wakatuambia tutembee kwa afya zetu. Njia niliyoipita miaka yote nimekaa kitako, leo naipita kwa miguu, nahema.

Ugonjwa wangu ni mmoja. Kila njia inapokata barabara ya magari, mdomo hupiga honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Ndivyo sheria ya reli ilivyotaka, na mdomo haujapata habari kwamba nimestaafu. Zamani nilisingizia kikohozi, lakini kikohozi gani hicho chenye mpangilio?

Masika iliyopita nikaanza kutembea na Verna Yurkonis, mjane wa mchimbaji. Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Nilitaka kumwalika Ijumaa kwenye ukumbi wa zimamoto, wanakouza chakula, tukale pirogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Nikajiapia kwamba honi hataisikia, maana nani atakula na mwehu?

Siku ya kwanza tulipofika kwenye barabara ya kanisa, nikauma midomo. Mashavu yakavimba, macho yakanitoka.

"Una nini wewe? Umemeza nyuki?" Verna akauliza.

"Sina kitu. Tuvuke."

Hakuvuka. Akanionyesha nyumba ya kijani ng'ambo. "Niliolewa pale. Marehemu alikuwa hasikii saa wala mke. Honi yako ndiyo iliyomwamsha kwenda mgodini. Reli ilipong'olewa, nikawa nashtuka alfajiri kwa kile kimya."

Nikavua kofia.

"Nikasikia kuna mzee anapiga honi kwa mdomo huku njiani," akaendelea. "Ulidhani natembea na wewe kwa ajili ya hiyo sura? Haya, piga."

Nikapiga. Ile ndefu ya mwisho pumzi ikanikatikia katikati, Verna akaimalizia, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Hapo ndipo nilipomwalika, kwa kigugumizi.

"Nitakuja," akasema, akivuka. "Nipitie Ijumaa jioni. Ila ukifika mlangoni, usibishe hodi."