Samahani ya Glenys Oldroyd

Glenys Oldroyd anavusha watoto barabara nje ya shule moja ya Haverbeck, kimji cha mvua huko Yorkshire, kwa Waingereza. Ana koti la njano, fimbo yenye duara la SIMAMA, na mdomo usiojua likizo.

Sasa diwani mmoja, Pocklington, akaamua kufunga maktaba. Maktaba, siyo baa. Yeye mwenyewe kitabu alikifungua lini? Glenys akachana boksi, akaandika kwa herufi kubwa: POCKLINGTON NI KIAZI. Akaenda kusimama nje ya ukumbi wa halmashauri, kimya, hasemi na mtu.

Kiazi kikatoka, kikasoma, kikanuna, kikaita polisi kwamba kimetukanwa.

Akaja askari Thackray, ndevu zenyewe bado zinajadiliana kama ziote. Katika kujifanya mkali akamkanyaga mama wa watu mguu kwa buti. Glenys akasema, "Samahani." Ndivyo walivyo kule: ukimkanyaga mtu, anayeomba radhi ni yeye. Ukimparamia na baiskeli atakuuliza kama umeumia. Thackray kazaliwa hapohapo, anajua. Lakini akatoa kalamu akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kosa na kuomba radhi.

Kituoni wakamletea ujanja.

"Mama, kubali kosa tu. Tunakupa onyo, unaenda zako kunywa chai."

"Hilo onyo linabaki kwenye jina langu?"

"Linabaki, ndiyo."

"Basi watoto sivushi tena. Shuleni hawachukui mtu mwenye doa."

"Hiyo siyo juu yetu, mama."

"Basi twende mahakamani, mwanangu. Chai itanisubiri."

Kazini wakamsimamisha siku ileile. Waoga.

Siku ya kesi mwendesha mashtaka aliileta ile samahani mbele ya mahakimu watatu kama kaokota kisu chenye damu. Eti mtu asiye na kosa angeomba radhi ya nini? Wakili wa Glenys, Rukhsana Mirza, binti mwenye mafua, akapenga kamasi kwanza, ndipo akamgeukia askari.

"Afande, ulimkanyaga?"

"Bahati mbaya."

"Akasema samahani. Wewe ukajibu nini?"

Thackray akakohoa. "Nikasema samahani na mimi."

"Kumbe. Na wewe ulikuwa na bango?"

Watu wakacheka. Hakimu mkuu, mama mwenye miwani ya mnyororo, akawanyamazisha.

"Haki ya kusema hailindi maneno matamu peke yake," akasema. "Anayetaka uongozi ajifunze kumeza kiazi. Kesi imefutwa. Ila Bi Oldroyd, ungetafuta neno la heshima zaidi."

"Nilitafuta, mheshimiwa. Hilo ndilo lilikuwa la heshima."

Jioni bosi wake akapiga simu, sauti imelainika kama siagi. "Glenys dada, Jumatatu rudi kazini. Ila mabango tuyaache, eeh?"

"Nimeshinda kesi, halafu nirudi na adabu ya aliyeshindwa?"

"Dada, usinifanyie hivyo. Wakubwa wananiangalia."

"Waache waangalie. Nani anavusha watoto sasa hivi?"

Aliyekuwa anavusha ni mwalimu mkuu, na juzi nusura lori la maziwa limfagie.

"Haya, njoo tu," akasema bosi.

Maktaba waliifunga vilevile, hawana haya. Glenys yuko barabarani kwake, na Jumamosi yuko pale ukumbini, bango juu.