Wiki ya Ufagio, Ghorofa ya Pili

Kibao chenyewe ni kidogo, hakizidi kiganja. Kina picha ya ufagio na kamba ya kukining'iniza kwenye kitasa cha mlango. Kikiwa kwenye mlango wako, wiki hiyo nyumba nzima ni yako kuisafisha: ngazi zote, korido ya chini, njia ya watu huko nje mpaka ukingo wa barabara, na kule chini ya ardhi kwenye baiskeli na viazi vya watu. Wiki ikiisha unakipeleka mlango unaofuata, kimyakimya, kama mtu anayemwambukiza mwenzake mafua. Hapa Stuttgart watu wameacha kanisa, wameacha wake zao, wengine wameacha hata nyama. Kibao hakuna aliyethubutu kukiacha.

Jumamosi ile ya Februari kibao kilikuwa kwa Gernot Häfele, ghorofa ya pili. Na Gernot, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alikuwa na miadi.

Ana miaka arobaini na saba na majirani bado wanamwita kijana, kwa sababu alizaliwa humo ndani na hakutoka. Aliishi na mama yake. Mama alipofariki alimwachia makochi, vikombe vya maua na zamu ya ufagio. Siku ya pili baada ya mazishi alifungua mlango akakuta kibao kinaning'inia. Aliyekileta ni Bi Pfleiderer wa ghorofa ya kwanza. Walipokutana kwenye ngazi alimpa pole, akamshika mkono kwa huzuni ya kweli kabisa, halafu akamkumbusha zile kona za nyuma ya mlango mkubwa, maana marehemu hakuwa mtu wa kuzisahau.

Kazi yake ni kusoma mita za maji. Nusu ya mji huu anaujua kuanzia chini ya ardhi, ziliko mita. Anajua nani ana baiskeli nne na hapandi hata moja, nani anaficha mvinyo, nani amerundika maboksi ya mke aliyeondoka. Sebule zao hajawahi kuziona. Wanamfungulia, wanamwonyesha mlango wa chini, wanamwambia asante, siku njema. Ukijumlisha salamu anazopokea kwa siku, Gernot ni mtu maarufu. Ila ukiuliza ni neno gani linafuata baada ya salamu, hapo pana ukimya.

Isipokuwa kwa Roswitha.

Roswitha anauza mikate pale kwenye kona, karibu na kituo cha tramu. Jina lake Gernot analijua kwa sababu limeandikwa kwenye aproni, lakini kumwita nalo, thubutu! Ni Bi Nägele huyu, na yeye ni Bwana Häfele, miaka nenda rudi. Kila asubuhi maneno ni yaleyale. Breseli ya siagi? Ya siagi. Baridi leo. Baridi kweli. Kuna siku moja Gernot alikuwa na kidonda mdomoni. Hakusema kitu, na nani angeuliza. Roswitha alimwangalia mara moja tu, akachukua breseli, ule mkate wa kusokotwa wenye chumvi juu, akaanza kuikwangua chumvi kwa kisu, polepole, foleni nyuma ikikohoa. Mapenzi ya wengine huanza kwa maua. Ya Gernot yalianza kwa chumvi kukwanguliwa, na yakaishia hapohapo kwa miaka, kwa sababu mwenye nayo alikuwa hajui hatua ya pili inawekwaje.

Sasa Jumatano ya wiki ile, Roswitha akamwambia kwamba anahamia Kiel kwa dada yake. Moja kwa moja. Shemeji yake anakuja na gari Jumamosi, na saa sita mchana akimaliza zamu wanaondoka. Halafu akapangusa kaunta ambayo haikuwa chafu, akamwambia apitie kabla ya hapo wanywe kahawa ya kuagana.

Gernot akasema, "Vizuri."

Ndiyo. Vizuri. Mwanamke anavuka nchi karibu yote mpaka baharini huko, na mwenzetu kasema vizuri. Alitoka pale akaenda kazini akasoma mita moja mara tatu, kila mara namba tofauti. Usiku akasimama mbele ya kioo cha bafuni akajifunza sentensi moja: Nisingependa uondoke. Alijaribu na "tafadhali" na bila "tafadhali". Bila ilikuwa nzuri zaidi.

Utauliza, si angepiga deki Ijumaa akawa huru? Angeweza, kama angekuwa anaishi jangwani. Ngazi zikipigwa deki Ijumaa, Jumamosi asubuhi zina matope ya watu saba, na Bi Pfleiderer haangalii ulifanya lini, anaangalia zikoje sasa. Kumwomba mtu abadilishane zamu? Hilo linataka sababu, na sababu inatajwa kwenye ngazi, na kinachotajwa kwenye ngazi kinafika ghorofa zote kabla hujafunga mlango wako. Kwa hiyo Gernot akapiga hesabu: saa nne anaanza, saa tano kasoro amemaliza, anaoga, anavaa shati la bluu, anatoka kama mwanadamu.

Saa nne akashuka na ndoo na dekio, aanze na theluji ya nje. Theluji ikamchukua muda, ilikuwa ile ya majimaji inayorudi unapoisukuma. Alipoingia ndani akamkuta Bi Pfleiderer kasimama koridoni na mkoba wake, anaangalia sakafu kwa masikitiko kama anaangalia mgonjwa. Alikuwa na habari za mtu wa barua. Mwaka juzi mtu wa barua alikanyaga ngazi zikiwa bado mbichi, na hadithi hiyo bado inasimuliwa kwa sauti ya chini. Sheria haijaandikwa popote lakini kila mtoto wa nyumba ile anaijua: ngazi iliyopigwa deki haikanyagwi mpaka ikauke. Unasubiri. Kama uko nje, unasubiri nje.

Gernot akasema ndiyo, ndiyo, ni kweli, sahihi kabisa. Bi Pfleiderer akaonyesha doa hapo mlangoni kwa ncha ya kiatu. Gernot, ili amalize mazungumzo, akalipiga deki doa lile papo hapo mbele yake. Bibi akaridhika, akapanda kwake. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaanza, ukaendelea. Korido yote. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kichwa chake hakikuwepo pale, kilikuwa dukani kinasema nisingependa uondoke, na bila kichwa mkono ukapanda, ngazi baada ya ngazi, kona hadi kona, kazi safi ambayo marehemu mama angepiga picha. Akafika mlangoni kwake. Akainua mgongo. Akageuka.

Chini yote inang'aa. Mbichi kuanzia miguuni kwake mpaka mlango wa kutokea.

Jamani. Mtoto wa Stuttgart wa miaka kumi anajua deki inaanzia juu. Gernot alikuwa amejipigia deki mpaka akajifungia ghorofani kwake, yeye na ndoo yake, kama paka juu ya kabati.

Akaingia ndani akaoga. Akavaa shati la bluu. Akatoka akagusa ngazi kwa kidole: maji. Akafungua dirisha la ngazini upepo uingie, lakini upepo wa Februari haukaushi kitu, unakuja tu kukaa na wewe. Akapuliza. Kweli kabisa, mtu mzima na shati lake alipiga magoti akapuliza ngazi.

Mlango wa juu ukafunguka, na Bwana Zoller akachungulia. Huyu ni mstaafu wa ghorofa ya tatu, mjane, mtu ambaye kazi yake sasa ni kutafuta nani wa kumchokoza.

"Kijana," akasema, "unaiombea?"

Gernot akasema anasubiri ikauke.

"Umeanzia chini?"

Bwana Zoller akakaa kwenye ngazi yake ya juu, kavu, akajifunga koti la kulalia vizuri, kama mtu aliyepata kiti cha mbele. Akaona shati. Akaona nywele zilizochanwa kwa maji. Akauliza ni nani. Gernot akasema hakuna mtu. Bwana Zoller akasema hakuna-mtu huyo ana bahati, maana shati hilo yeye aliliona mara ya mwisho kwenye mazishi.

Chini mahali fulani mlango ukalia, ukatulia.

"Shuka bwana," akasema Bwana Zoller. "Ni maji. Hujamwaga lava."

"Zitaonekana. Alama za viatu."

"Zitaonekana, ndiyo. Atakusema. Mimi ananisema tangu tuhamie, na nimenenepa."

Ukimsikiliza vizuri Bwana Zoller, alikuwa amesema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa humo ndani mwaka mzima. Lakini tazama miguu yake: naye alikuwa amekusudia kwenda kununua gazeti, viatu viko tayari, na tangu alipoona ngazi mbichi hajateremka hata hatua. Wote wawili walikuwa juu. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mzaha.

Saa sita kasorobo kwa saa ya Bwana Zoller. Gernot akasimama. Akatazama chini, akatazama ndoo, na uso wake ukapata lile jambo ambalo kwa mtu mwingine ungeliita ujasiri. Akashika ndoo, akashika dekio, akaupa mlango wa kutokea mgongo, akashuka ngazi moja kinyumenyume. Akaifuta ile aliyotoka kuikanyaga. Akashuka nyingine. Akafuta.

"Mungu wangu," akasema Bwana Zoller kwa sauti ndogo, na safari hii hakuwa anatania.

Hivyo ndivyo alivyotoka. Kinyumenyume, anafuta nyayo zake mwenyewe moja baada ya nyingine, mtu anayekimbilia mapenzi na haachi ushahidi. Ukipita haraka unaharibu, kwa hiyo hakupita haraka. Kwenye ghorofa ya kwanza mlango ukafunguka. Bi Pfleiderer akasimama na miwani yake, akatazama tangu juu mpaka chini.

"Mara ya pili?" akauliza.

"Ya pili," akasema Gernot.

Bibi yule hana tabia ya kusifu. Macho yakamlainika, halafu akatamka maneno ambayo kijana aliyatafuta kwake tangu akiwa na meno ya utotoni.

"Mama yako hasa. Wewe hutatoka humu, Gernot, na sisi tuna bahati."

Alimaanisha mema. Gernot akasema asante, na dekio likateleza mkononi kidogo, akalishika. Akaendelea kushuka. Bi Pfleiderer akainama juu ya mkono wa ngazi kumwambia jambo moja la mwisho, la kawaida tu: ndoo isibaki koridoni, watu watajikwaa.

Akafika mlangoni. Nyuma yake ngazi zote zinang'aa, hazina alama hata moja. Mkononi ndoo imejaa nusu, maji ya kijivu. Juu hairudi, ngazi bado mbichi. Koridoni haibaki, kumesemwa. Kuimwaga nje haiwezekani, maji yangeganda, na njia ile wiki hii ni yake, mtu akianguka ni yeye. Kengele za kanisa zikaanza kupiga saa sita.

Akatoka nayo.

Ungemwona. Shati la bluu, koti halijafungwa vifungo, dekio begani, ndoo inamchapa gotini na kumwagikia suruali, anakwenda ule mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini amebeba supu. Kwenye kituo cha tramu watu wakampisha kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Mji mwingine wangecheka. Hapa walimwona mtu wa zamu.

Dukani pazia la chuma lilikuwa limeshuka nusu. Roswitha alikuwa nje kavaa koti, bila aproni, na Gernot akagundua kwamba bila aproni ni mfupi kuliko alivyodhani. Mezani nyuma ya kioo kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimenywewa. Gari lilikuwa ukingoni, limewashwa, shemeji ndani anapekua simu.

Roswitha akaiangalia ndoo.

"Wiki yako?"

"Yangu."

"Na nje pia?"

"Na nje pia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia habari za msiba anaoufahamu. Gernot akapumua. Sentensi ilikuwepo, ameibeba tangu Jumatano, na sasa ikamtoka, bila tafadhali.

"Nisingependa uondoke."

Tramu ikapita, ikaisha. Roswitha alipojibu sauti yake ilikuwa ya kutania, lakini alikuwa ameshika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

"Gernot," akasema. Gernot, siyo Bwana Häfele. "Nimekabidhi funguo za nyumba jana. Nilikusubiri tangu saa tano, kahawa nimeimwaga mara mbili. Ungeacha hiyo ndoo, ungewahi."

"Ningeiacha wapi?"

Na kwa kuwa Roswitha ni mtoto wa mji huohuo, hakucheka. Alifikiri kweli. Mawazo yakaenda kwenye ngazi, kwenye korido, kwenye njia ya watu, yakapita kila mahali ambapo ndoo ya mtu mwenye zamu inaweza kukaa siku ya Jumamosi, na shemeji akapiga honi ya kwanza na ya pili, na bado alikuwa hajapaona.