Kasha Alilokalia Bosi

Chumba cha Ilala kilikuwa cha kumi na mbili tangu nifike Dar, na cha kwanza nilichoogopa kufukuzwa. Vingine vyote nilihama mwenyewe. Niliacha shule darasa la sita, nikauza maji, nikakaa gereji Buguruni, nikambebea mpiga picha begi lake. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kitu kinavyofanya kazi. Nikishaelewa, miguu inaanza kuwasha.

Kilichonishika Ilala ni kompyuta. Nchi ilikuwa imefungua soko, makontena ya vitu vilivyotumika yanashuka, na Kariakoo ulikuta vifaa vya maofisi ya Ulaya vimemwagwa chini kama viazi. Nilikusanya kipande kimoja kimoja mpaka nikaunda mashine yenye diski sita, ya kutunzia sauti. Watu wa mtaani walikuwa na kanda ambazo ndugu zao walizungumza badala ya kuandika barua. Mtu yuko Masasi, hajui kuandika, anaazima redio ya jirani na kuanza: "Anayezungumza hapa ni mimi baba yako." Kanda zile zilikuwa zinaliwa na ukungu. Mimi nilizicheza mara moja tu, nikainasa sauti na kuihifadhi kwenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Shida ilikuwa kelele. Mashine ililia kama cherehani isiyofika mwisho wa pindo, na nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita ambavyo kuta zake hazifiki kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha sita wanakwambia pole.

Chumba cha pembeni yangu alikaa dada mmoja nesi, wa kusini kama mimi. Alikuwa kwenye zamu za usiku, akirudi asubuhi alale. Siku moja alisimama mlangoni kwangu saa nne, kanga begani, macho mekundu.

"Kaka, hilo dude lako hupumziki nalo?"

"Dada, nikilizima huenda lisiamke."

Nilikuwa nasema kweli. Diski zilikuwa chakavu. Umeme uliwahi kukatika siku nzima, na uliporudi, moja iligonga-gonga ndani kisha ikanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo niliweka betri ya gari, mashine isizimike kabisa. Na kwenye diski iliyokufa kulikuwa na sauti ya baba yake nesi. Nakala yake sasa ilibaki moja tu, kwa kuwa diski nyingine zilikuwa zimejaa, na kanda yenyewe ilishatafunwa na redio. Mzee mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Alilijua hilo. "Sikwambii uzime," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Ila jana nimeshika sindano ya kitanda cha tano, nikaenda nayo kitanda cha nane. Mwenzangu ndiye kanishtua. Siku atakapokuwa hayupo je?"

Mama mwenye nyumba alisikia yote bila kutoka chumbani kwake. Akapaza sauti juu ya kuta: "Jumamosi! Lisiponyamaza, mtoke wote wawili, wewe na huyo mkeo wa chuma!"

"Shikamoo mama," nikajibu.

"Marahaba. Jumamosi!"

Nilikuwa nimesikia kwamba mashine za maofisini hufungwa kwenye makasha bapa ya chuma, yanayochomekwa kabatini kama droo, na kwamba yapo yasiyopiga kelele. Jumatano nikaenda Kariakoo, kwa Mhindu mmoja aliyeuza vitu vya makontena. Juu ya mlango alikuwa na picha ya mungu wake imevikwa shada la maua, chini yake udi unafuka. Watu wote walimwita bosi. Alikuwa amekaa juu ya kitu kilichofunikwa gunia, anakunywa chai.

"La kimya? Hili hapa," alisema, akatoa kasha jembamba, jipya kama sahani ya bibi harusi. Akachomeka umeme. Feni zikazunguka. Nikainamisha sikio: kimya kabisa.

Nililipeleka nyumbani kichwani nikiwa nimeshachangamka. Kwa bahati niliona niliwashe tupu kwanza, kabla ya kuhamisha diski. Lilipiga mluzi, mama mwenye nyumba akatoka na ufagio akidhani kuna mtu anachomelea vyuma ndani ya nyumba yake.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Nilipima ukimya katikati ya Kariakoo! Nje ya duka lile palikuwa na kipaza sauti cha muuza sufuria, muuza kanda na spika zake mbili, na wasukuma mikokoteni wakipiga kelele "Pisha! Pisha!" Pale hata trekta lingeonekana limelala.

Alhamisi nikalirudisha. Bosi akaliwasha, akatega sikio.

"Sasa linalia wapi? Wewe unasikia?"

"Hapa silisikii, bosi. Nyumbani linapiga mluzi."

"Basi nyumba yako mbovu. Rudisha nyumba."

Vijana wake wakacheka. Nikasema, "Kesho mchana nitakuja. Wakati wa swala."

Alinitazama, akaelewa, akatabasamu kama mtu anayekubali kucheza bao. "Njoo."

Ijumaa vijana wake walikwenda kuswali. Mikeka ilitandikwa mpaka mtaani, safu ya mwisho ikafika karibu na kizingiti chetu. Bosi akashusha geti nusu, akazima redio yake mwenyewe. Tulibaki wawili, yeye Mhindu na mimi Mkristo, tumenyamaza nyuma ya geti. Hotuba ilikuwa inasikika kwenye spika za msikiti. Akaliwasha kasha.

"Nasikia shehe tu," akaninong'oneza.

"Subiri."

Swala ikaanza. Safu zikarukuu, zikainuka, kisha zikasujudu. Hapo mtaa mzima ukanyamaza, na ndani ya kimya kile kasha likapiga mluzi wake wote. Sijawahi kuona mtu mnene akiruka vile. Bosi aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili.

"Unataka nipigwe?" akafoka kwa kunong'ona. Jasho lilimtoka.

Swala ilipokwisha, mzee mmoja wa safu ya mwisho akakunja mkeka wake, akainama chini ya geti. "Bosi, umeleta jenereta?"

"Hapana mzee, samahani sana, samahani."

Hakubishana tena nami. Alisimama, akavuta lile gunia alilokuwa akilikalia kila siku. Chini yake palikuwa na kasha jingine, nene, zito, lenye kimo cha kigoda kweli. Hakuna aliyelitaka kwa sababu lilikuwa kubwa. Lile jembamba lilikuwa na feni sita ndogo kama viberiti, zinazokimbia ili kufidia udogo wake. Hili lilikuwa na tatu pana kama sahani, zisizo na haraka.

Lakini Kariakoo ilikuwa imeshaanza kupiga kelele tena. Bosi akaliwasha, nami nikaomba bisibisi. Gereji Buguruni fundi alinifundisha kusikiliza injini: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nikasikia mvumo mzito wa chini, kama mtu anayepumua usingizini. Nikampa bosi naye asikilize.

"Hili nimelikalia miaka miwili," alisema. "Sasa nikae wapi?"

Nikamwachia lile jembamba, nikaondoka na hili.

Alinipa na ushauri: diski zikiwa moto, nihamishe haraka, zisipoe. "Kama chapati," alisema. Nilifanya hivyo jioni ile ile. Nilikata mpira wa tyubu ya baiskeli nikautandika ndani ya kasha mahali pa kukalia diski, na kasha lenyewe nikalifunga kwa nati kwenye chuma cha kitanda cha zamani. Nikazima. Nikahamisha diski moja moja, vidole vinaungua. Nikawasha. Moja ikaamka, ya pili, ya tatu. Ya nne, yenye sauti ya baba yake nesi, ikagonga mara moja. Nikashika ukingo wa kitanda. Ikagonga tena, kisha ikazunguka. Ya tano nayo ikafuata. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Jumamosi mchana mama mwenye nyumba alikuja, kanga imefungwa kiunoni kwa ugomvi. Akachungulia.

"Umelipeleka wapi?"

"Hilo hapo mama, linafanya kazi."

Alitega sikio, akakosa cha kugombea. "Haya. Sasa nitawasikia mkinisengenya."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nesi alipoingia kwangu bila hodi, nywele zimesimama.

"Umelizima! Kaka, si nilisema sikwambii uzime?"

Nikachukua mkono wake, nikauweka juu ya kasha. Akausikia mtetemo. Nikabonyeza, na mzee akaanza: "Anayezungumza hapa ni mimi baba yako." Vyumba vyote vikanyamaza kumsikiliza. Nesi alisimama hivyo hivyo mpaka mwisho, mkono juu ya chuma, halafu akatazama dirishani.

"Saa ngapi hizi?"

Nikamwambia: zamu yake ilikuwa karibu kuanza. Alikuwa amelala tangu asubuhi bila kugeuka. Alikimbia kuvaa sare, akaondoka bila chai, na mpaka anafika kona nilimsikia akililaumu kasha kwa kutomwamsha.