Sindano Niliyoitafuta Mwenyewe

Wewe unayesoma ukiwa na homa, au ukiwa na mgonjwa nyumbani, nakuambia tangu mwanzo: nimepona, na ninatembea kwa miguu yote miwili. Sasa nitaeleza jinsi nilivyokaribia kuupoteza mmoja kwa ujinga wangu.

Mimi ni Tata Mukendi, mzee wa Manika, mtaa wa wachimba migodi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, nami nilikuwa karani wa depo hadi pensheni. Tulikua tukiamini kwamba dawa ni sindano. Hata leo, anayekuja kumwona mgonjwa huuliza kwanza, "Bamekupiga sindano?" Ukimwonyesha vidonge, anacheka.

Nilipopumzika kazi, walinichagua kuwa rais wa kamati ya afya ya kituo chetu cha serikali. Kisha akaletwa muuguzi mkuu mpya, Mama Odette. Aliweka ndoo ya maji na sabuni kwenye kila mlango. Akakataza kutoa dawa ya malaria kabla ya kupima damu. Sindano ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa, na anayeweza kumeza apewe vidonge. Watu walinung'unika, na mimi niliyepaswa kuwaelewesha nilinung'unika kuliko wote.

"Mama, na hii sheria yako, batu batakimbia," nilimwambia.

"Batarudia, tata. Mi naogopa tu namna batarudia."

Mimi na wanakamati wenzangu tukapanga kwamba katika mkutano ujao tumwombe daktari mkuu wa zone ya afya, msimamizi wa vituo vyote vya eneo letu, atuletee muuguzi mwingine.

Kabla ya mkutano huo homa ilinishika. Nilitetemeka chini ya blanketi, kichwa kinagonga. Kituoni walinipima, wakakuta malaria, wakanipa vidonge. Vya kwanza nilimeza mbele yao, vingine nikavitia mfukoni. Nilipofika nyumbani nikatuma aitwe Tata Faustin, jirani anayepiga watu sindano. Alikuja na sindano aliyokwisha kuitumia kwa wengine, ndani ya kikombe cha maji ya moto yaliyokwisha kupoa. Niliiona. Sikuuliza kitu. Nilifungua mkanda, nikalala kwa tumbo.

Homa ilishuka, nikajisifu. Kisha tako la kulia likawa gumu, likavimba, likawaka moto. Kanisani nilikalia upande mmoja. Homa ikarudi na jasho la kunuka, mguu ukaanza kufa ganzi, nikawa ninauburuta. Nilificha. Watu wangesema nini juu ya rais wa kamati? Lakini mke wangu, Mama Ntumba, akaona usaha kwenye shuka.

"Geuka nione."

"Ni kajipu tu."

"Miaka yote tunalala kitanda kimoya, na leo unanificha matako? Geuka, tata!"

Alipoona, alitoka mbio kuita taxi-moto, pikipiki ya abiria. Nilikaa ubavu, yeye akinishika kwa nyuma, na kila shimo la barabara lilinitoa machozi.

Watu waliokuwa wakisubiri kituoni walinitambua. "Prezida amekuja kutuchunguza!" mmoja alisema, wakacheka, mpaka walipoona ninavyotembea.

Mama Odette alinawa mikono, akavaa glavu, akabonyeza kidogo. Nilipiga kelele.

"Nani alikupiga hii sindano?"

Nilitaka kusema jipu lilitoka lenyewe. "Mi mwenyewe nilituma bamwite," nikasema.

Hakunigombeza. Nilimsihi anipasue palepale, mlango ukiwa umefungwa, nirudi nyumbani kimya. Muuguzi wa zamani angekubali.

"Hapana, tata. Usaha iko chini sana, karibu na mushipa mukubwa. Nikipasua hapa, mi na ule alikupiga tutakuwa bamoya. Unaenda hospitali sasa hivi. Mi natelefone bakungoje."

Hospitalini daktari alipasua. Usaha ulijaa bakuli, na harufu ikamtoa mke wangu nje. "Mzee, ungechelewa tena kidogo, tungekuwa tunaongea juu ya kukata mguu, ao juu ya jeneza," daktari aliniambia.

Baada ya hapo, kila asubuhi nililala kwa tumbo kituoni kwetu. Walivuta kitambaa cha dawa kutoka ndani ya kidonda na kuingiza kingine, nami nikiuma shati. Hata muuguzi aliyechoka alinawa mikono kwanza. Polepole nyama ikajaa kutoka chini, na mguu ukaamka, vidole vikitangulia.

Siku ya mkutano ilipofika, nilisimama kwa sababu kiti bado kiliniuma. Wanakamati walingoja niseme neno la kumwondoa Mama Odette. Nikaanza kufungua mkanda.

"Prezida, kuko bamama humu!"

"Bamama bageuke. Bababa baangalie."

Waliangalia. Mmoja akafunga macho. Ombi la kuletewa muuguzi mwingine likaishia hapo.

Namshukuru Mungu, mke wangu, na mikono yote iliyonihudumia. Simtwiki Tata Faustin mzigo wote, maana mimi ndiye niliyemwita. Na wewe, usidhani kituo kizuri ni kazi ya wauguzi peke yao. Mwangalie mikono anayetaka kukugusa. Kama hajanawa, mwambie bila haya. Akikupa vidonge, vimalize. Akikujibu hapana, usikasirike haraka, kaa umwulize sababu. Mama Odette aliniambia hapana wakati nilipokuwa ninamlilia, na kwa hiyo niko hai.