Mwalimu Bora Nilimpeleka Darasa la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi huko Ndalu, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki na kunionyesha darasa la kwanza. Nilikuwa msichana wa Myanga aliyetoka chuo cha ualimu akijiona mkubwa, nikitarajia darasa la nane. Nilinuna mpaka nilipomsikia mtoto mmoja akisoma sentensi nzima peke yake. Hapo nikaipenda kazi.

Miaka mingi baadaye nilifanywa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa mmoja mjini Kitale. Enzi hizo shule ilipimwa kwa wastani, yaani alama za watahiniwa wote wa darasa la nane zikijumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao. Wastani wetu ulikuwa wa mwisho mjini, na wazazi waliojiweza walikuwa wakihamisha watoto.

Afisa wa elimu wa wilaya alinishauri nisiwasajili wanafunzi dhaifu kwa mtihani, warudie darasa, ili wastani upande. Miongoni mwao alikuwa Nekesa, binti wa muuza mboga. Nilimwita mbele ya mwalimu wa hesabu, Bwana Wanjala, aliyekuwa hodari kutuzidi sote. Tulimpa swali la hesabu lililoandikwa kwa maelezo, akalikodolea macho tu. Wanjala alipomsomea kwa sauti, alikokotoa kichwani na kutoa jibu sahihi.

Wanjala alinigeukia. "Madam, huyu hesabu anajua," akasema. "Si ni kusoma tu hajui."

Niliwasajili wote. Kisha nikamwomba Wanjala ahamie darasa la kwanza.

"Umenishusha cheo, Madam?"

"Hapana, Mwalimu. Nakupeleka pale tunapowapotezea watoto."

Siku kadhaa hakunisalimia. Halafu akahamia, na jioni akawa anamfundisha Nekesa na wenzake kusoma.

Matokeo yalipotoka, tulikuwa wa mwisho tena. Afisa aliniamuru nisimame katika mkutano wa walimu wakuu. "Nilikwambia, Madam. Ukiniangusha tena nitatafuta mwingine."

Niliketi, lakini sikubadili mpango. Uhamisho wa afisa huyo ulikuja kabla ya wangu.

Watoto walioanza na Wanjala darasa la kwanza wakapanda darasa baada ya darasa, wakisoma vizuri. Walipofanya mtihani wa darasa la nane, tulizipita hata shule za kibinafsi za mtaani. Wazazi walininyanyua wakizunguka mtaa kwa nyimbo na matawi. Niliwaomba waniweke chini, wakambeba Wanjala, mzee mzima, akicheka huku machozi yakimtoka.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Kiminini. Mtihani ule wenyewe umeondolewa, lakini walimu vijana bado huniuliza tulifanyaje, nami huwaeleza kwa fahari. Nekesa ana duka la mbegu na dawa za mifugo hapa, na wakulima humpa chupa awasomee maelezo. Mwaka ule alama zake zilituvuta chini. Ningemsajili tena.